Chanjo ya nguruwe: Kwa nini kumkinga panya haitoshi?

Chanjo imemkinga panya wa maabara. Je, itamkinga na nguruwe? Si lazima.

Chukua bakteria Streptococcus suis. Nguruwe wengi wanaye kwenye tonsili na hawaumwi. Mtoto wa nguruwe akiachishwa kunyonya, kinga ya mama hupungua, na bakteria anaweza kuingia kwenye damu, maungio na ubongo.

Binadamu naye huambukizwa, hasa akishika nyama mbichi huku ana kidonda. Mwaka 2005 huko Sichuan, China, watu zaidi ya 200 waliugua na zaidi ya 30 wakafa. Wengine hupona lakini hubaki viziwi.

Kupima chanjo, kundi moja huchanjwa na lingine halipewi chanjo hiyo. Kisha wote huambukizwa makusudi, na watafiti huangalia homa, kuchechemea na vifo.

Shida ni hii: panya kwa kawaida hudungwa bakteria tumboni, lakini shambani nguruwe huambukizwa kupitia pua na mdomo. Ukimwekea nguruwe bakteria puani, huenda asiugue hata kama hajachanjwa. Sasa utajuaje kama ni chanjo iliyofanya kazi?

Tena, kupata nguruwe asiye na bakteria huyu ni kazi. Wengine huzalishwa kwa upasuaji na kulelewa bila maziwa ya mama, jambo lenye gharama kubwa.

Chanjo ya uhakika ikichelewa, wafugaji huendelea kutegemea antibiotiki, na usugu wa dawa unazidi kukua.