"Kali" kwa Nani?



Neno "kali" tunalo mdomoni tangu alfajiri. Kisu cha kukatia mkonge lazima kiwe kikali, maana kisu butu huteleza na kumkata mwenyewe. Jua ni kali, mnyapara ni mkali, mbwa wa getini ni mkali. Embe bichi ni kali, na gongo ni pombe kali. Jirani zetu wa Kenya wamelifanya kuwa jina la kazi: fundi anayegonga bati nje, bila paa juu ya kichwa chake, huitwa fundi wa jua kali.

Lakini neno hili lina pande mbili. Mtoto akiwa mkali wa hesabu, hiyo ni sifa. Njaa kali au onyo kali, hapo hakuna sifa. (Barua za onyo kali nimezisoma nyingi. Baadhi hazitaji hata kosa, zina ukali tu.)

Hatari ipo pale neno linapobeba pande zote mbili kwa pamoja, yaani kwenye dawa za shambani. Na kuziita "dawa", kama tunavyoiita ile ya homa ya mtoto, tayari ni nusu ya kudanganyika.

Mwaka 2003 nilikuwa kijana wa darasa la saba, nikipuliza dawa kwenye mibuni katika shamba moja. Asubuhi moja mtunza stoo alitugawia kopo jipya akasema, "Hii ya leo ni kali." Basi. Sisi tukafurahi! Tulielewa kwamba wadudu watakufa upesi na hatutarudia mistari. Yeye aliapa baadaye kwamba alikuwa anatuonya.

Bomba la mwenzangu lilikuwa linavuja mgongoni. Hakulirudisha, maana kurudi stoo ni kupoteza mistari, na mistari ndiyo posho. Kufika mchana alikuwa anatoka jasho na mate mengi, akatapika, mboni za macho zikawa ndogo kama kichwa cha sindano. Tukasema ni jua kali. Tukamweka kivulini, tukamnywesha maziwa. Maziwa hayaondoi sumu ile. Ilitakiwa tumvue nguo zilizolowa, tumwoshe kwa sabuni na maji mengi, tumkimbize hospitali na kibandiko cha kopo mkononi ili mganga ajue ni sumu gani. Alipona, ila kazi ya bomba hakuiweza tena.

Siku hizi naanza na kibandiko. Vingi vina ukanda wa rangi chini: nyekundu ni sumu kubwa kabisa, kisha njano, kisha bluu, mwisho kijani. Hata kijani si maji ya kunawa. Asiyejua kusoma rangi anaijua.

Mkataba Na. 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unampa mfanyakazi wa kilimo haki ya kuelezwa habari za usalama wa kazi yake, na ya kujiondoa penye hatari kubwa iliyo mbele yake bila kuadhibiwa. Mkataba hufunga nchi iliyouridhia, lakini kuuliza hakungoji mkataba.

Katika tawi letu, mtunza stoo akisema "hii ni kali", vijana wa bomba humjibu kwa pamoja, "Kwa nani?" Hapo inambidi ageuze kopo na kusoma.