Stering Hadedi, na Achari Pia

Siku hizi supamaketi ziko na pipi za matunda zenye pakiti imechorwa katuni za muvi, na ndani kila pipi ni kichwa cha mhusika flani. Nilijinunulia hapa Migori tao, mimi jamaa mzima mwenye ndevu na Fuliza. Keshia akaniuliza, "Ni za mtoi?" Nikamjibu eeh, maneno iishe.

Manze. Ukitafuna unaskia sukari kwanza, halafu rangi. Tunda lenyewe unalisoma tu kwa pakiti. Nyekundu na kijani ladha ni moja. Wamarekani nawaelewa, wamekua na hizi vitu. Fruit Roll-Ups zilitoka 1983, na mse wa huko akizishika saa hii lazima akumbuke nyumba ya mathe yake. Mimi haziniambii kitu. Utoto wangu uko kwa achari.

Ka ulikulia Homa Bay miaka ya 2000, rada unaijua. Kibanda cha mabati, benchi za mbao, gunia limening'inizwa mlangoni kuzuia mwanga, TV ya Great Wall na jenereta inanguruma huko nyuma. Kobole tu, umeingia. Kwa skrini ni Schwarzenegger kwa Commando, muvi ya 1985, mse mmoja anamaliza jeshi nzima. Wiki ingine ni mambo ya DJ Afro, anachanganya Kiswahili na Sheng, anakubongea hadi vitu mwenye aliandika muvi hakuwahi kufikiria. Stering hadedi, hiyo tulijua hata kabla ianze. Wasiwasi ilikuwa ka achari itafika mwisho.

Achari ni embe bichi, linakatwa vipande vyembamba, linakaushwa, linapigwa chumvi, pilipili na ile rangi nyekundu. Ilikuja kwa kanailo kamefungwa fundo. Unang'ata kona, unavuta kipande kimoja na meno. Ni washamba tu walikuwa wanatafuna hapo hapo. Wewe unanyonya pilipili yote kwanza, embe linalainika pole pole, halafu Arnold akianza kujipaka rangi usoni na kujifunga mabomu, hapo sasa unatafuna. Vidole unapanguza kwa shati ya skuli, na ndivyo masa alikuwa anajua mahali umeshinda. Hakuna alibi ya achari, yawa.

Mabuyu yalikuwa ya wasee wa subira. Mibuyu haiko huku kwetu, hizo mbegu zilikuwa zinatoka Ukambani na Pwani. Unanyonya unga na sukari hadi mbegu ibaki uchi, kisha unaitema kwa shingo ya mse wa benchi ya mbele, haswa ka ndiye anaongea muvi ikiendelea.

Ile nailo ya fundo imepotea. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 28 Agosti 2017, na sasa achari nyingi unapata kwa pakiti iko na lebo. Poa, angalau unaona imetengenezwa na nini. Hapa Migori, juu ya Isebania, ubuyu wa Tanzania pia unavuka mpaka kutoka Sirari, umepikwa na iliki. Huo uko level ingine, lakini ni wa kukaa na chai, sio wa kupigia kelele muvi.

Nilibeba pakiti kadhaa kwa mat ya kwenda Homa Bay. Rodi Kopany bado hatujafika na achari ilikuwa imeisha, DJ Afro akiendelea kwa simu, earphone moja yangu, ingine ya jirani mwenye sijui jina. Ladha ni ile ile. Kilichobadilika ni tumbo: kiungulia kilinipigia hodi kabla ya stage. Beba maji, omera.

Na wasee wa biashara, hapa kuna munde. Lupita Nyong'o, binti ya gavana wa Kisumu, ndiye sauti ya roboti Roz kwa The Wild Robot ya 2024. Ka kuna muvi inafaa kukaa kwa pakiti ya matunda huku Nyanza, ni hiyo: jamna na mapera zimekaushwa, Roz amechorwa juu, ruhusa mkiwa nayo. Mimi nitanunua, na hiyo sitasema ni ya mtoi.

Kwa sasa list yangu ni achari, mabuyu, ubuyu wa Sirari. Zile za vichwa vya katuni ziko kwa droo, bado nusu pakiti. Ka uko Migori na uko na mtoi, kuja uchukue.