Pikipiki Kuukuu: Rangi Ije Mwisho

Katika maboma mengi kati ya Kitale na Bungoma, nyuma ya ghala la mahindi au chini ya turubai lililotoboka, imelala pikipiki iliyokuwa ya afisa wa kilimo, ya daktari wa mifugo au ya padri. Aghalabu ni Yamaha AG100, ile ambayo cheni yake imefunikwa yote isiguswe na tope, au Honda CG125, aina iliyotoka mwaka 1976. Pikipiki hizi zilifika kwa wakulima wetu miaka mingi kabla ya 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo na boda boda zikafurika barabarani. Leo mnunuzi wa vyuma chakavu anazipima kwa kilo. Inaniuma, maana nyingi kati ya hizo zingeweza kunguruma tena.

Anayeinunua kwa mapenzi naye huweza kuiharibu. Siku ya kwanza anakwaruza tangi kwa msasa, anapuliza rangi nyekundu ya kumetameta, anabandika stika. Rangi ya kiwandani, hata ikiwa imefifia, hairudi tena, na ndiyo ambayo mkusanyaji wa kweli yuko tayari kuilipia.

Anza na karatasi. Linganisha namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, na ile ya injini, na zilizoandikwa kwenye logibuku. Bamba lenye herufi tatu na tarakimu tu, bila herufi ya mwisho, ni la usajili wa kabla ya 1989. Lisafishe kwa maji na sabuni, usilibadilishe kwa pupa. Mwenyewe akiwa amefariki, mjane au watoto hawawezi kukuuzia kihalali kabla hawajapata kibali cha mahakama cha kusimamia mirathi. Ikiwa ilikuwa ya serikali, dai hati ya mnada. Nimeona pikipiki nzuri zikikwama kwa sababu tu mnunuzi alitoa pesa kabla ya kuuliza maswali haya.

Sasa injini. Usipige kiki! Ringi zilizoshikana na kutu zitachora silinda. Fungua plagi, mimina mafuta mepesi ndani, uache siku kadhaa, kisha weka gia ya juu kabisa na uzungushe gurudumu la nyuma polepole kwa mkono. Kwa AG100, ambayo injini yake huchoma oili pamoja na petroli, kagua sili za krenki. Mpira wake hukauka pikipiki ikikaa muda mrefu bila kazi, hewa ikapenya, mchanganyiko ukakosa petroli ya kutosha na pistoni ikaungua. Dalili yake ni mlio unaopanda wenyewe hali hujagusa mafuta. Ukiusikia, zima papo hapo.

Jambo ambalo mafundi wetu wengi hawalitilii maanani ni mwinuko. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu 1,400. Hewa ya Kitale ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya sita. Kabureta iliyosetiwa Bungoma, ukipanda nayo kupitia Kamukuywa na Kiminini, itamwaga petroli kuliko hewa inavyohitaji: plagi inakuwa nyeusi na nguvu zinapungua. Hilo si baya sana. La hatari ni kinyume chake. Ukiipunguzia jeti ikakimbia vizuri Kitale, kisha mnunuzi akaipeleka Mombasa, itakosa petroli, itachemka na inaweza kutoboa pistoni. Andika saizi ya jeti kwenye kikaratasi na ukikabidhi pamoja na pikipiki.

Kwa CG125 vipuri havisumbui, kwa kuwa injini nyingi za boda boda kutoka China zimeigwa kwake. Tumia vipuri hivyo kuendeshea, lakini vile vya asili ulivyovitoa viweke kwenye mkebe, kila kimoja na jina lake. Mkebe huo huongeza bei.

Kitale hasa haipaswi kuona ajabu kukusanya vitu. Makumbusho yake yalitokana na mkusanyo binafsi wa Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyefariki mwaka 1966, na yakafunguliwa rasmi mwaka 1974. Wanunuzi nao wapo: maonyesho ya Concours d'Elegance, yaliyoanza Nairobi mwaka 1970, hushindanisha magari na pikipiki pia, na huko waamuzi hukagua hadi vichwa vya nati.

Ukifika wakati wa kuuza, mwonyeshe mnunuzi picha ulizopiga tangu siku ya kuitoa ghalani, na umtajie kila kisicho cha asili kabla hajakiona: silensa, taa, kiti kilichoshonwa upya. Atakushusha bei kidogo hapo, lakini akijenga imani nawe atarudi kuulizia nyingine.