Jua la Alasiri Ndani ya Nyumba

Sisi tufanyao kazi maofisini katikati ya mji wa Nairobi twaijua vizuri saa ambayo kazi huharibika. Si adhuhuri, jua liwapo utosini, bali ni baina ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri, jua linapoteremkia upande wa Kangemi na Kikuyu. Chumba nilichofanyia kazi miaka mitatu kilitazama magharibi. Kila alasiri tulisogeza meza zetu tukikifuata kivuli, na makosa ya hesabu yaliyoonekana kesho yake aghalabu yalikuwa ya saa hizo. Mkubwa wetu alidhani tu wavivu, mpaka siku moja alipoketi nasi kukagua daftari. Haikupita nusu saa akavua koti, akasema, “Kumbe!”

Jambo hili lina sababu yake. Nairobi iko karibu sana na Ikweta, nyuzi 1 na kidogo upande wa kusini. Kwa hiyo adhuhuri jua huwa juu sana mwaka mzima. Mwezi Juni huelemea kaskazini kidogo, na Desemba kusini kidogo. Basi dirisha likitazama kaskazini au kusini, upenu wa sentimita 60 hulitia kivuli cha zaidi ya mita moja wakati wa adhuhuri. Lakini katika mwezi wa Machi, saa kumi na nusu alasiri, upenu uo huo juu ya dirisha la magharibi hutia kivuli cha sentimita 38 hivi tu. Jua lililobaki huingia lote hadi mezani.

Tena kioo kina tabia yake. Hupitisha mwanga wa jua, nao ukiangukia sakafu na vyombo hugeuka joto. Lakini joto hilo halitoki kwa urahisi kupitia kioo kile kile. Ndiyo maana pazia la ndani hupumzisha macho zaidi ya kuzuia joto, kwani sehemu kubwa ya joto imekwisha kuingia. Kizuizi chenye manufaa ni kile cha nje: mti, baraza, au mbao za dirisha zifungwazo na kufunguliwa. Wazee wa Lamu walilijua hilo; walijenga kuta nene, madirisha madogo, na vichochoro vyembamba vyenye kivuli. Siku hizi huko Westlands na Upper Hill twaona majumba yaliyovikwa vioo toka chini hata juu, kisha fedha zikatumika kwa mashine za kuyapoza.

Msomaji wa Dagoretti atauliza: na baridi ya Julai je? Ameuliza vema. Kati ya Juni na Agosti mawingu hutanda, na jua likichomoza huwa kama dawa. Kwa hiyo hatusemi jua lifungiwe nje kabisa, bali lichaguliwe. Chumba cha kulala kikitazama mashariki hupata jua la asubuhi, na hupoa kabla ya usiku. Kikitazama magharibi, ukuta wa mawe hulinywa joto la alasiri na kulitoa polepole wakati watoto wanapotaka kulala. Na wakaao katika vyumba vya mabati huko Kangemi na Kawangware, adui wao mkubwa ni paa. Dari, hata ya mbao hafifu, pamoja na tundu la kutolea hewa juu ya ukuta, huleta nafuu kubwa.

Basi ndugu msomaji, ukiwa na kiwanja, usianze kuchimba msingi kabla ya kusimama hapo saa kumi alasiri. Tazama jua linatoka wapi, kisha mwambie fundi waziwazi: upande mrefu wa nyumba wenye madirisha utazame kaskazini na kusini, na upande mfupi utazame magharibi. Maneno hayo hayaongezi gharama hata senti moja. Majuto ni mjukuu, na ukuta ukishasimama haugeuzwi.