Kicheko cha Kashasha na kilio cha kijana

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana Kashasha, wilaya ya Muleba ya leo, wanafunzi walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Kati ya wasichana 159 walipatwa 95. Shule ikafungwa mwezi Machi, na hali hiyo ikawafuata wengine makwao, Nshamba. Madaktari walipima damu na chakula, wasione sumu wala vijidudu. Walimu hawakupatwa, wala hakufa mtu. Wataalamu wengi huielewa kuwa dhiki ya nafsi iliyotokea mwilini.

Ndugu Waislamu, kijana aghalabu hasemi kwamba ana huzuni. Husema kwa kukosa usingizi, kukataa chakula, hasira, kujitenga, au kuacha swala aliyoizoea. Hayo yakidumu wiki mbili, tusikimbilie fimbo wala mtoa majini. Tukae naye faraghani, tumsikilize bila kumkaripia, kisha tumpeleke hospitali. Akitaja kufa, tumuulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Asiachwe peke yake, na sumu za shambani zifungiwe.

Wako wasemao huzuni ni upungufu wa imani. Basi Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia Yusuf hata macho yakawa meupe, na unabii wake haukupungua. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu. Dua na daktari havigombani.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vijana wetu. Amin.