Amri ya kutojumuika na genge hubadilishwa vipi?

KIJANA wa Mji wa Kale, Mombasa, akiachiliwa kwa dhamana kwa sharti kwamba asionekane na wenzake fulani, hukabiliwa na tatizo ambalo huenda hakimu hakuliwazia. Vichochoro vya mtaa huo ni vyembamba, na anaokatazwa kukutana nao huenda wakawa majirani wa ukuta mmoja, au binamu zake wanaoketi baraza moja na kuswali msikiti mmoja. Akilivunja sharti, anaweza kufutiwa dhamana na kurejeshwa rumande.

Wengi humkimbilia chifu au mkuu wa kituo cha polisi. Hao hawana uwezo huo. Amri ya mahakama hubadilishwa na mahakama, na mpaka ibadilishwe, lazima itiiwe.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa haki ya kuachiliwa kwa masharti ya kadiri, isipokuwa kuna sababu nzito za kumzuilia. Sharti lisilotekelezeka ni vigumu kuliita la kadiri, na hapo ndipo wakili huanzia. Ombi hupelekwa kwanza kwa mahakama iliyotoa amri. Likikataliwa, Mahakama Kuu inaweza kuombwa ipitie uamuzi huo. Ombi lenye nguvu halidai kila kitu kifutwe, bali hupendekeza badala yake, mathani kuripoti kituoni siku maalumu, au kutaja nyumba na saa ambazo katazo halitahusu.

Bondi ya kudumisha amani ni jambo jingine, kwani hutolewa hata kwa mtu ambaye hajapatikana na hatia. Muda wake hauzidi mwaka 1. Ya mwenendo mwema, kwa wahalifu sugu, hufika miaka 3. Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuifuta wakati wowote kwa sababu za kutosha zilizoandikwa. Nchini Uingereza, ambako sheria ya 2009 iliruhusu amri mahususi dhidi ya magenge, polisi na mhusika wote wanaweza kuomba amri ibadilishwe.

Marufuku ya kundi zima nayo hutangazwa na waziri katika gazeti rasmi la serikali. Oktoba 2010, baraza la Mombasa Republican Council (MRC) lilipigwa marufuku kwa njia hiyo pamoja na Mungiki na makundi mengine. MRC ilikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na Julai 2012 majaji watatu wakaibatilisha marufuku hiyo kwa kukiuka haki ya kujumuika. Ushindi huo haukuwa kinga ya mashtaka: Oktoba mwaka uo huo, viongozi kadhaa wa kundi hilo walikamatwa na kufikishwa mahakamani.

Mdhamini naye asisahaulike. Akichoka au akihofia mali yake, anaweza kumwomba hakimu amwondoe katika bondi, na hapo aliyedhaminiwa huitwa atafute mwingine.