"Hoja" na "Mada" katika Midahalo ya Wanafunzi

Neno "hoja" limebebeshwa mizigo miwili. Bungeni, "kutoa hoja" ni kuleta jambo liamuliwe. Darasani, hoja ni sababu ya kulitetea jambo hilo. Mwamuzi wa mdahalo akitamka "hoja imeshindwa", mwanafunzi hajui kilichoshindwa ni kipi. Katika Mashindano ya Dunia ya Midahalo ya Shule, yaliyoanza nchini Australia mwaka 1988, kila hotuba kuu hupimwa kwa alama 100: maudhui 40, uwasilishaji 40, mkakati 20. Maoni ya mwamuzi hayana alama. Yafaa basi jambo linalojadiliwa liitwe "mada", na "hoja" ibaki kuwa sababu. (Bunge na liendelee na desturi yake.) Kadhalika, asemaye tu "si kweli" amekanusha, aonyeshaye kwa nini si kweli ndiye aliyepangua hoja.